Jina Lisilo na Mashine

Sifa zote ni zake Mwenyezi Mungu, asiyesahau kiumbe hata kimoja, aliyenifikisha uzeeni nikiwa na macho ya kusoma Neno lake na mikono ya kuandika haya.

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya kupitisha mizigo mpakani pale Busia, Msimamizi wa Kituo alinifungulia chumba cha kompyuta, kisicho na dirisha, chenye kiyoyozi kisichozimwa ili mashine zisipate joto. "Kijana, hapa ndipo kwako," akasema. "Wawili waliokutangulia walikimbia baridi. Wewe nunua sweta."

Nilinunua. Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Malaba, fundi peke yangu, mke wangu akabaki kijijini kwetu Sigalame na watoto. Huko nilitunza seva mbili, kompyuta kubwa zilizohifadhi hati zote za mizigo. Tuliziunganisha kwa mpango uitwao klasta: moja ikianguka, nyingine inashika kazi. Makarani hawakuhitaji kujua ni ipi iliyo kwenye zamu. Waliita jina moja la mtandao, nalo likawafikisha. Jina hilo halikuwa na mashine yake. Lilihama pamoja na kazi.

Asubuhi moja seva ya kwanza ilizimika. Ya pili ikaamka vizuri, ila jina likakataa kuwaka, na hakuna hati iliyofunguka. Dereva mmoja, Wandera, alikuwa amebeba vifaranga wa siku moja wa kuvusha Uganda. Alinifuata hadi mlangoni.

"Boss, watoto wangu wanakufa na joto huko kwa lori. Kompyuta yako imekula nini?"

"Bado natafuta, ndugu yangu."

"Na wewe umevaa sweta! Ama niwalete wakae na wewe?"

"Walete koridoni," nikamwambia. "Mlango nitauacha wazi kidogo."

Alidhani natania. Kisha akaanza kubeba maboksi.

Nikaendelea na kazi huku vifaranga wakilia nyuma yangu. Jina hutegemea anwani ya IP, yaani namba yake ya mtandao, kwa hiyo nilianza hapo: anwani ilikuwa hai. Nikasoma kumbukumbu za mfumo. Ziliandika kwamba akaunti ya jina haionekani katika saraka kuu ya kampuni, ile orodha ya akaunti zote. Maana jina kama hilo huwa na akaunti na nywila yake, kama mfanyakazi yeyote. Nikampigia simu Meneja wa Mitambo, Nairobi, nikamtajia jina hilo.

"Hilo?" akasema. "Tulipohesabu mali tulilitafuta kila kituo, hatukuona mashine yake. Nililifuta mimi mwenyewe."

"Bwana Meneja, halina mashine. Ndilo limebeba Malaba yote."

"Pole sana, mzee. Usiunde jipya, litakosa ruhusa za lile la zamani. Nalirudisha lenyewe."

Aliporudisha akaunti, nilitoa amri ya kulikarabati jina, ili nywila iliyo kwenye klasta ilingane na ile ya saraka. Nikaliwasha. Likashika. Makarani wakapiga kelele za furaha, hati za Wandera zikatoka. Vifaranga wachache walikufa; wengi walivuka wakiwa hai.

"Asante, boss. Ningefukuzwa kazi leo," akasema, akibeba boksi la mwisho.

Nikafunga mlango. Zikabaki feni za seva tu. Nilitamani kumsimulia mtu, nikampigia mke wangu, lakini alikuwa shambani na simu aliiacha nyumbani. Jioni aliponipigia, tuliongea habari za karo.

Sasa nimestaafu, na mke wangu Bwana amemwita. Simlaumu Mungu, alinipa kazi, akanipa nguvu za kuimaliza. Nanyi vijana mnaoshika kazi hizi, kabla ya kufuta jina msilolijua, ulizeni kwanza nani analitegemea.

Wewe unayesoma, Mungu ailinde kazi ya mikono yako. Na ukirudi nyumbani jioni, akujalie mtu wa kukuuliza siku yako ilikuwaje, naye awe na nafasi ya kusikiliza mpaka mwisho. Amina.