Mwosha Majani wa Baraka

Dada yangu mkubwa, Constance, ana kiburi cha aina moja tu: maua yake. Kwa mambo mengine ni mtu wa kawaida kabisa hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, anayeimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia na asiyependa ugomvi. Lakini ukisimama mbele ya uzio wake ukasema kwamba mahali fulani umeona maua mazuri zaidi, jua umejinyima chakula cha mchana. Mimi Arlette, mdogo wake wa tumbo moja, nimeshinda njaa hivyo zaidi ya mara moja, maana mdomo wangu hauna breki.

Maua yenyewe ni yale marefu, yenye umbo la tarumbeta, yanayoning'inia yakitazama chini. Mengine ni meupe, mengine yana rangi ya papai lililoiva. Sisi tunayaita matarumbeta. Mchana hayana neno, ila jua likishazama harufu inatoka, tamu na nzito, mpaka unaisikia ukiwa barabarani. Mama yetu alikuwa nayo kule Fizi, mlimani, ambako kuna ukungu na baridi na yanaota bila kubembelezwa. Unakata kijiti kinene kama kidole gumba, unakichomeka kwenye udongo mbichi, unaenda zako. Constance alipoolewa na Wilfried, fundi wa nyavu, alishuka Baraka na fungu la vijiti hivyo vimefungwa katika ganda la mgomba lililolowa maji. Wakwe zake walidhani ni dawa ya kumtuliza mume, mpaka alipovichomeka kuwa uzio wa uani.

Ila Baraka si Fizi. Huku chini kuna joto, na kiangazi kikifika vumbi la barabara linakaa juu ya kila kitu. Matarumbeta hayapendi hali hiyo, lakini yuko anayeipenda, naye ni utitiri. Ni wadudu wadogo mno, wekundu. Ukiwatazama utafikiri mtu amenyunyiza pilipili ya unga kwenye jani. Tena hawakai juu ya jani, wanakaa chini yake, na huko wanafyonza na kufuma utando mwembamba mpaka jani linapauka, linajikunja, linaanguka. Watu wengi wanamwaga maji juu ya majani na kuingia ndani wakiwa wameridhika, na wadudu nao huko chini wanaendelea kula.

Constance alipambana nao kwa maji ya sabuni ya mawese, ile ya kahawia inayopikwa hapa hapa kwetu, akiyarusha toka chini kwenda juu. Sabuni ilipoanza kuwa adimu, alihamisha bafu, ili sabuni ya kuogea ifanye kazi mara mbili. Alivunja kibanda cha kuogea kilichokuwa nyuma ya nyumba, akaweka ubao wa kusimamia katikati ya maua, na majani yakawa ndiyo ukuta. Tangu hapo kila aliyeoga kwake, awe mume, awe mkwe, awe mgeni aliyetoka Ubwari, ng'ambo ya maji, kwa mtumbwi, aliogea kwenye matarumbeta na alipewa maagizo kwanza: maji ya kujisuuza usiyamwage ovyo, yarushe chini ya majani. Katekista mmoja aliyelala kwao alitoka huko na taulo kiunoni, akauliza kwa upole kama hiyo ni desturi yetu sisi Wabembe. Wilfried alimjibu kwamba hapana, ni desturi ya Constance.

Wilfried mwenyewe hakuyapenda maua yale.

"Mama Fanny," alikuwa akimwambia, kwa jina la binti yao, "hii majani haitaingia mu sufuria hata siku moja. Hata mbuzi inaikatala."

Na kweli mbuzi walikataa, maana matarumbeta ni sumu toka ua hadi mzizi. Constance alitukataza sote kuweka hata jani mdomoni, na alitaka kila aliyeyagusa anawe mikono vizuri. Wilfried hakunawa. Jumapili moja alikata matawi, akafikicha jicho la kulia, akaenda misani. Mboni ya jicho lile ikapanuka ikawa kubwa, ya kushoto ikabaki ndogo, na mwanga ukamsumbua hata akawa analifumba na kulifumbua misa nzima. Mama Godelieve, jirani yetu mjane, alikuwa ameketi upande wa pili wa kanisa, akaamini anakonyezwa. Kusuluhisha jambo hilo kulichukua muda, na Mama Godelieve alisikitika kidogo alipoambiwa ukweli.

Kisha vita vya pili vya nchi yetu vikatufikia. Wenye bunduki walishuka na kupanda, leo hawa, kesho wale, na sisi tulizoea kutouliza majina. Wote walikuwa na mizigo na hakuna aliyependa kuibeba mwenyewe. Walipita mitaani wakitafuta wanaume, na mwanaume aliyeonekana alitwishwa sanduku la risasi na kupandishwa milimani. Albert, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikamatwa akienda kununua chumvi. Alirudi baada ya majuma mengi, bega moja limeshuka. Wenzake wawili aliokwenda nao hawakurudi.

Wilfried alikuwa na mabega mapana, na hilo ndilo lililomnyima dada yangu usingizi. Fanny alikuwa ameshaolewa Ubwari, kwa hiyo nyumbani walikuwa wao wawili tu.

"Bakimubeba huyu," aliniambia siku moja, "mi nitabakia na nani? Na we?"

Kwa jinsi alivyonitazama, niliona kwamba sikutosha.

Ndipo uzio ukapata kazi. Majani yake ni mapana, tena yalikuwa mengi, yameshuka mpaka chini. Pale katikati, kwenye ubao wa kuogea, mtu mzima aliweza kuchuchumaa asionekane kabisa. Wenye bunduki nao hawakupenda kukaa karibu, wakisema harufu yake ya usiku inawaletea ndoto mbaya. Kila mbwa walipobweka upande wa barabara, Wilfried aliacha nyavu zake akaingia kwenye maua.

Kuishi humo kulimbadilisha shemeji yangu. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Akiwa amechuchumaa aliinua macho, akajikuta anatazama upande wa chini wa majani, ambao hakuwahi kuujali, akawaona utitiri. Akaona pia mwanga ukipenya mahali majani yalipokwisha kuanguka. Hapo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wadudu wakiyamaliza majani, askari watamwona Wilfried.

Mtu aliyekuwa akicheka maua ya mke wake sasa alianza kuyaogesha kuliko alivyojiogesha yeye. Alichukua kitambaa na maji ya sabuni, akawa anapangusa jani moja moja kwa chini, akinung'unika. Sabuni ilipokwisha, aliloweka tumbaku yake mwenyewe na kuyanyunyizia majani maji yake, akaacha kuvuta, jambo ambalo padri alilihubiri miaka bila mafanikio. Hata konokono waliotafuna majani aliwaokota alfajiri na kuwatupa upande wa Mama Godelieve, ambaye sasa alikuwa na sababu halali ya kumchukia. Mimi nilipokuja kusalimia nilizuiwa mlangoni.

"Arlette, usipite karibu na majani," alisema. "Uko na vumbi ku nguo. Vumbi njo inaleta badudu."

"Shemeji, mi natoka kanisani."

"Hata ku kanisa kuko vumbi. Zungukia kule."

Uzio ukajaa tena, mzito na wa kijani, na maua yakafunguka mengi kuliko mwaka wowote. Constance alitembea akiwa ameinua kidevu. Nilimwambia kwamba ni mume wake anayepaswa kuinua kidevu, nikakosa chakula.

Alasiri moja mbwa walibweka. Wilfried akaingia kwenye maua na kitambaa chake. Mimi nilikuwa uani namenya mihogo, na Constance alikuwa anafagia. Waliingia askari kadhaa wakiwa na komanda wao, kijana mwembamba, mpole wa sauti. Wakatazama chini ya kitanda, wakatazama jikoni.

"Mama, bwana yako iko wapi?" komanda akauliza.

"Alienda ku Ubwari, kusalimia mutoto," Constance akajibu bila kupepesa macho. Tulikuwa tumelirudia jibu hilo mara nyingi.

Komanda akaamini, au hakujali. Akawaita watu wake, wakaanza kutoka. Alipofika mbele ya uzio akasimama.

"Hii maua ni ya nani?"

"Yangu."

"Mama yangu iko nayo kule Fizi. Lakini na hii kiangazi yake iko paka vijiti tu, majani yote inaanguka. Yako iko mingi hivi. We unafanyaka nini?"

Niliona uso wa dada yangu ukifunguka, nikajua tumekwisha. Miaka yote ile hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwuliza swali hilo.

"Mama yako anamwagaka maji juu ya majani, ao chini?" akauliza.

"Juu."

"Pale njo anakosea."

Akaegemeza ufagio, akaanza. Akamweleza utitiri na tabia zao, vumbi, sabuni ya mawese, tumbaku iliyolowekwa, na namna ya kukata matawi makavu. Komanda akawa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Mimi nikakohoa. Nikakohoa tena. Dada yangu akaniambia niende ndani ninywe maji.

"Inama, komanda, nikuonyeshe," akasema. "Angalia hapa, kwa chini. Hautaona hata mududu moja."

Akashika tawi kubwa, akaliinua. Chini yake alikuwepo Wilfried, amechuchumaa kwenye ubao wa bafu, kitambaa mkononi.

Komanda alikuwa ameshainama.

"Bonjour, komanda," Wilfried akasema.

"Na huyu?" komanda akamwuliza dada yangu.

"Ni ye anaoshaka majani," Constance akajibu, bado na sauti ile ya kufundisha. Kisha akaelewa alichofanya. Akaliachia tawi, likashuka na kumfunika Wilfried tena, jambo ambalo halikusaidia.

Komanda alicheka mpaka akashika mbavu, na askari wake wakacheka, na kwa dakika ile nilitumaini kwamba kicheko kitatuokoa. Alipomaliza kucheka aliagiza akatiwe vijiti vya kumpelekea mama yake. Akasema Wilfried atavibeba, kwa kuwa askari wake wangeviua njiani.

Constance alipiga magoti kwenye vumbi, akamshika miguu.

"Beba maua yote, komanda. Ng'oa yote mupaka ku mizizi. Huyu uniachie."

"Maua bila muntu wa kuiosha itakufa, mama," komanda akamjibu bila hasira. "We mwenyewe umenifundisha."

Wakaondoka. Wanaume wengine waliokamatwa siku ile walibeba masanduku vichwani. Shemeji yangu alikwenda nyuma yao na fungu la vijiti mikononi, na askari pembeni yake akimwonya asivipinde.

Walipopotea barabarani, Constance alichukua panga akaingia kwenye uzio. Sikuwahi kumwona mtu akikata kitu kwa uchungu namna ile. Alikata maua yakiwa yamefunguka, akakata na machipukizi, akilia kwa sauti na kusema uzio gani huu usioweza kuficha mtu mmoja tu, ingawa sote wawili tulijua uzio haukuwa na kosa. Nilimwonea huruma. Hapakubaki kitu ila visiki.

Yaliyompata Wilfried tuliyajua baadaye, lakini nayasema sasa ili msikae na wasiwasi tuliokaa nao sisi. Walipofika Fizi, alimwambia komanda kwamba vijiti visipopandwa siku ile ile vinakufa vyote. Ulikuwa uongo mtupu, vinaweza kukaa siku kadhaa ukivilowesha. Komanda akamwacha kwa mama yake apande na kuosha, naye akaendelea na wenye masanduku kuelekea milima ya juu. Mama yule akamlisha maharage na kumtuma kazi kutwa nzima, na vijiti vilipotoa majani mapya akamwambia arudi kwa mke wake, na kwamba komanda, mwanawe, atazungumza naye yeye mwenyewe. Katika wote waliopandishwa siku ile, ndiye wa kwanza kurudi. Wengine tunawangoja mpaka leo.

Sisi hatukujua lolote kati ya hayo. Constance aliacha kwaya, akaacha kufagia uani. Ukizungumza naye alikujibu baadaye sana, au hakukujibu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza siku aliporudi. Nilikuwa jikoni na dada yangu tukisubiri maji ya bukari, ugali wetu wa huku, yachemke. Hakupiga hodi. Tulisikia tu sauti uani.

"Mama Fanny. Nani alikata?"

Constance akatoka. Alimwona amesimama mbele ya visiki, amekonda, viatu vimekwisha. Akasogea hatua mbili.

"Mi," akasema.

"We?"

"Mi."

"Mi nilikuwa naosha hii majani moja moja," Wilfried akasema, na sauti yake ikapanda, yeye ambaye toka waoane sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Niliacha hata tumbaku. Kule juu nilikuwa naosha ya bengine, nasema kesho nitarudia kuosha yetu. We unakuja unakata yote?"

Alikuwa amekasirika kweli, machozi yanamtoka. Dada yangu alimwacha aseme mpaka maneno yakamwisha.

"Baba Fanny," akamwambia, "maua mi nakata kijiti, napanda, inaota. Lakini we, kama ungekufia kule, kijiti yako ningeikata wapi?"

Wilfried akainama akagusa kisiki kimoja. Akaketi pale pale kwenye tope, kati ya visiki, na dada yangu akaketi kando yake, akamlalia begani, wakalia wote wawili mchana kweupe bila kumjali aliyepita. Mimi nikarudi jikoni kuongeza maji ya bukari, kwa kuwa tulikuwa tumepima ya watu wawili.