Brashi kwenye Masanduku ya Wakubwa

Ujumbe uliokwenda ng'ambo kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuingia soko la nje ulikuwa na watu kumi na wawili. Kumi na mmoja walikuwa wasaidizi. Aliyebaki ndiye aliyekuwa anasaidiwa: mjane mmoja mwenye karakana ya brashi, ambaye mtaani kwao hana jina jingine ila Mama Brashi.

Anatengeneza brashi za viatu, za nguo na za kusugulia sakafu. Mbao anazipiga randa na kuzitoboa mwenyewe, kisha wanawake wawili anaofanya nao kazi wanashindilia katani tundu kwa tundu na kuikaza kwa waya. Brashi yake ukiinunua leo, wajukuu watagombania. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, kama shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye duka la vifaa, alivyopenda kumweleza: brashi ya plastiki hung'oka meno upesi na mteja akarudi, lakini mteja wa Mama Brashi akishanunua, ndiyo kwaheri. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikwisha kuziondoa brashi zake rafuni, akamwekea nafasi ya kazi badala yake.

“Funga hiyo karakana, shemeji, uje ukae kaunta. Kuna feni.”

Alimwambia hivyo msibani, alimwambia hivyo harusini, na hakuwahi kuisahau feni.

Kwa hiyo Mama Brashi aliposikia kwamba serikali inatoa ruzuku kwa wadogo wanaotaka kuuza nje, aliomba, akasailiwa, akapewa. Moyoni alipanga hivi: akirudi na oda, karakana inaendelea. Akirudi mikono mitupu, anakwenda kukaa kaunta na hataki kuulizwa.

Ruzuku yenyewe ilikuwa karimu. Ililipa tiketi, hoteli, fulana yenye nembo na semina ya namna ya kumtabasamia mteja wa kigeni. Ilisahau kitu kimoja tu, nacho ni kusafirisha bidhaa. Alipouliza, Afisa Masoko, kijana mtanashati asiyekosa jibu, alimfafanulia kwa upole kwamba mpango ulikuwa wa kumfikisha mfanyabiashara sokoni, na brashi si mfanyabiashara.

Mama Brashi hakubishana. Alijua kuwa wasaidizi wale wataondoka na masanduku karibu matupu, kwa sababu inayojulikana na yeyote aliyewahi kumpokea mkubwa akitoka safari. Akamwendea Mkurugenzi, kiongozi wa msafara, akamwomba kila mjumbe ambebee brashi kidogo. Mkurugenzi akaona hakuna ubaya. Wakati wa kwenda masanduku hayana kazi.

Walipotua, watu wa forodha walimpa kila mmoja karatasi ya kusaini: brashi hizi ni za maonyesho, ama ziuzwe, ama zirudi na aliyezibeba. Wakubwa walisaini bila kusoma, kama walivyozoea kazini.

Siku ya kwanza ya maonyesho wote walifika bandani, wakapigwa picha chini ya bendera, kisha wakatawanyika kwenda kuchunguza soko. Jioni walirudi hotelini na mifuko ya soko walilolichunguza. Brashi walizozibeba zililala vyumbani mwao, maana hakuna aliyekumbuka kuzileta. Mama Brashi alikuwa na zile chache za kwenye sanduku lake mwenyewe, pamoja na bakuli la peremende za ofisi. Watu walisimama, wakachukua peremende, wakasifu bendera. Kesho yake peremende zikaisha, na watu nao wakaisha. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, akaanza kuizoea feni ya shemeji kichwani.

Asubuhi ya siku ya mwisho wasaidizi waliingia bandani kwa pamoja, wakivuta masanduku. Mkurugenzi alikuwa amenunua seti ya sufuria, kwa maagizo ya mkewe yasiyokatiwa rufaa. Afisa Masoko alikuwa na televisheni. Bibi Itifaki, mwenye dhamana ya adabu za msafara, alikuwa na mapazia ya nyumba nzima.

“Mama, chukua mali yako,” alisema Mkurugenzi. “Tunahitaji nafasi.”

“Si yangu tena, Mheshimiwa. Mmeisainia.”

Mtu mmoja akapendekeza ziachwe nyuma ya banda. Bibi Itifaki, ambaye alikuwa ameisoma karatasi usiku wa kuamkia siku hiyo kwa kukosa usingizi, akatikisa kichwa: kila mmoja ameandikwa na namba yake ya pasipoti. Wakatazamana. Kisha Mkurugenzi akauliza swali ambalo idara yake ilikuwa haijawahi kumuuliza mwenye bidhaa.

“Zinauzwaje?”

Hapo ndipo taifa lilipoanza kuuza nje. Afisa Masoko alipanda juu ya kiti, akanadi kama aliyezaliwa mnadani. Bibi Itifaki alizisahau adabu, akawa anavuta watu mikono. Mkurugenzi alimzuia bwana mmoja mwenye viatu vya vumbi, akaanza kumsomea dira ya idara. Yule bwana akataka kuondoka. Mkurugenzi akazikumbuka sufuria, akapiga goti, akamsugua kiatu kimoja.

Bwana yule akavitazama viatu vyake vyote viwili, akaona tofauti. Kumbe alikuwa mnunuzi wa vifaa vya hoteli kadhaa. Akauliza nani anazitengeneza, na kwa mara ya kwanza tangu safari ianze, vidole vyote vikamwelekea Mama Brashi. Mgeni akaivuta katani kwa kucha, kisha kwa meno. Haikutoka. Akataka kujua kwa mwezi zinapatikana ngapi.

“Elfu kumi!” akajibu Mkurugenzi kutoka sakafuni.

“Si kweli,” alisema Mama Brashi. Akamweleza mgeni kile ambacho wanawake watatu wanaweza, na kile watakachoweza wakiwa saba, iwapo mgeni atatoa malipo ya mwanzo. Mgeni akapiga hesabu pembeni mwa karatasi. Mkurugenzi akafumba macho. Mwishowe mgeni akasema atasubiri, akaandika oda, akazinunua na zote zilizobaki.

Jioni Mama Brashi alimpigia shemeji yake, akamwambia ile nafasi ya kaunta ampe mwingine. Shemeji akataka kujua kama kweli serikali imemsaidia.

“Imenisaidia, shemeji. Imepiga goti kabisa.”

Wiki kadhaa baadaye Afisa Masoko alimpigia simu kumpongeza. Kwa kuwa sasa ameshaingia soko la nje, alisema, hana tena sifa za kusaidiwa kuliingia. Nafasi yake imetangazwa. Asipopatikana mtu, ujumbe utasafiri hivyo hivyo, maana maandalizi yamefika mbali. Mama Brashi alimshukuru, akamwomba radhi kwamba hamsikii vizuri: mashine ya kutobolea ilikuwa inapiga kelele, na wanawake wanne wapya walikuwa wanamsubiri awaonyeshe kushindilia katani.