Mihuri Miwili ya Dokta Bev

Daktari Beverley Akehurst alikuwa na mihuri miwili, mmoja wa kukubali na mmoja wa kukataa, na kwa miaka minne hakuwahi kuupiga hata mmoja. Aliiweka ndani ya bati la biskuti. Kila Ijumaa alasiri aliitoa, akaifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, akairudisha. Usimcheke. Wapo wanaofuta magari wasiyoyaendesha.

Zamani alikuwa daktari wa mifugo wa kweli, yule anayeitwa kwenye mvua aingize mkono mzima ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo katika mashamba ya Sussex, kusini mwa London, ilimmaliza magoti. Ndipo nchi ikapiga kura kutoka Umoja wa Ulaya, naye akiwa miongoni mwa waliosema tutoke, na serikali ikatangaza kwamba mnyama atakayevuka bahari kutoka Ufaransa sharti akaguliwe bandarini, karatasi zake zipigwe muhuri. Likajengwa banda. Banda hasa! Mazizi kumi na mawili, kichochoro cha kuswagia ng'ombe, mahori ya chuma, na mlangoni kidimbwi cha dawa ya kuua vijidudu ambacho kila aingiaye lazima akanyage. Dokta Bev akapewa ufunguo.

Wanyama hawakuja. Serikali iliahirisha siku ya kuanza mara tano, na ilipoanza, wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuzoea bandari nyingine. Lakini kanuni zilidai maji safi kila siku, hivyo asubuhi aliyajaza mahori na jioni akayamwaga. Mara moja kwa mwaka lilifanyika zoezi, mtu wa stoo akitembea kwa magoti na viganja akijifanya mtamba. Mwaka wa pili Dokta Bev alimpima meno, akamwambia gego moja limeoza, na kweli lilikuwa limeoza. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maana iliyofanyika mle.

Wageni wengine walikuwa wagombea. Wa kwanza alivaa koti jeupe la Dokta, akapigwa picha, akasema banda hili ni ushindi wetu. Wa pili akavaa koti lile lile, akasema tutalikamilisha. Wa tatu akasema tutalibomoa tujenge kubwa zaidi. Dokta Bev aliwapa kura wote, mmoja kila uchaguzi, na kila mara alirudi nyumbani akiamini kwamba safari hii atapiga muhuri.

Sasa ilikuwa Alhamisi ya Oktoba, uchaguzi mdogo, na kwa kuwa ukumbi wa kanisa ulikuwa unavuja, halmashauri iliona mahali pakavu na pasipo na shughuli ni bandani kwake. Asubuhi hiyo hiyo ilifika barua. London na Brussels zimeelewana: kuanzia Jumatatu ukaguzi wa mifugo umefutwa, banda litafungwa, mihuri irudishwe kwa posta. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akaenda kujaza mahori.

Wapigakura walipanga foleni ndani ya kichochoro cha ng'ombe, maana njia nyingine haikuwepo. Msimamizi wa kituo, Bwana Pratley, mtu wa tai na rula, alikuja juu.

"Daktari, hawa ni wananchi. Huwezi kuwatumbukiza kwenye dawa!"

"Anayeingia humu anakanyaga dawa. Imeandikwa ukutani."

"Mwache, Pratley," alisema Ron Honeysett, mfugaji wa kondoo, huku akichovya buti zake taratibu. "Miaka yote wanatuswaga tu. Angalau Dokta anatuosha miguu."

Saa nne asubuhi lori likasimama nje. Dereva, Mfaransa aitwaye Yannick, akaingia na bahasha, akaitazama ile foleni ya wazee na mbwa wao.

"Samahani, Madamu. Nimeleta kondoo dume sita wa Bwana Honeysett. Kule bandari kubwa foleni haisogei, wakaniambia huku hamna mtu. Hawa wote nao ni wa kukaguliwa?"

Dokta Bev aliifungua bahasha, akahesabu karatasi sita. Moyo ulimwenda mbio kama wa bibi harusi.

"Haiwezekani!" Pratley aliinuka. "Hapa ni kituo cha kura mpaka saa nne usiku. Na si redioni wamesema ukaguzi unafutwa? Wasubiri Jumatatu, wapite bure."

"Siku nne ndani ya lori? Utakaa nao wewe?" Ron alimgeukia.

"Nisipopigiwa muhuri narudi nao leo," alisema Yannick.

"Thubutu!" Ron aling'aka. "Nina majike mia mbili wanasubiri waume tangu wiki iliyopita!"

Dokta Bev akainua macho kwenye karatasi. "Bwana Pratley, aliye kwenye foleni anaruhusiwa kutolewa?"

"Hapana. Sheria hairuhusu."

"Basi Yannick, waweke kwenye foleni."

"Na wakifika mezani kwangu?"

"Angalia daftari. Kama hawamo, usiwape karatasi."

Kondoo dume sita wakaingia kichochoroni nyuma ya bibi mmoja mwenye mkongojo, wakakanyaga dawa vizuri kuliko watu walivyoikanyaga, wakafika mezani, wakapindishwa kushoto zizini. Wakanywa maji. Dokta Bev akapiga yale magoti mabovu sakafuni. Macho, ufizi, kwato, namba za masikio. Mikono haikuwa imesahau kitu. Alipomaliza wa sita alikuwa analia, na hakujali nani anamwona.

Akafungua bati. Akachukua muhuri wa kukubali, akaugandamiza kwenye pedi ya wino. Pedi ilikuwa ngumu kama kigae. Miaka minne aliitunza mihuri, wino hakuukumbuka hata siku moja.

"Kuna mwenye wino?" Aliinua pedi ili foleni nzima iione.

Pratley alikuwa na penseli tu, zimefungwa kamba.

Ndipo Dokta akaiona mikono ya koti la Ron. Asubuhi ile Ron alikuwa amempaka dume wake mzee rangi nyekundu kifuani, ile inayoacha alama mgongoni mwa kila jike aliyepandwa, na viwiko vyake vilikuwa bado vimelowa.

"Ron, simama wima. Usipumue."

Akaupiga muhuri kwenye kiwiko cha kulia, akaupiga kwenye karatasi. Ukatoka mwekundu, mzuri, kila herufi. Mara sita. Foleni nzima ikapiga makofi, na hata Pratley alikohoa kwa adabu.

Lori lilipoondoka, Dokta Bev alichukua karatasi yake ya kura. Majina manne, na wote wanne walikuwa wamekuja mwezi ule kupigwa picha na koti lake. Asubuhi alimsikia Pratley akimwonya kijana mmoja kwamba karatasi yenye alama ya kumtambulisha mpigaji haihesabiwi. Alisikia vizuri. Akafungua bati tena, akauchukua ule muhuri wa kukataa.

"Ron, bado una rangi?"

"Kiwiko cha kushoto."

Karatasi ilipoingia sandukuni, wekundu ulikuwa umepenya mpaka nyuma. Pratley alifungua kinywa, akakifunga, akaita anayefuata.

Jioni alikwenda kumwaga maji ya mahori kama kawaida. Hori la zizi la kushoto lilikuwa tupu.