Fundi Sindano Akataa Kukalishwa

Ilikuwa mwaka ule daraja la sokoni lilipobomoka. La, nimekosea, lilibomoka mwaka uliotangulia. Huu ulikuwa mwaka wa kulijenga upya, maana Fundi Sindano alilivuka rangi ikiwa bado inanuka.

Fundi alikuwa mshonaji. Umri wake wote alishona kwa cherehani ya kukanyaga, miguu ikichapa kazi tangu asubuhi. Wanawe wakamwonea huruma, wakaifungia cherehani mota ya umeme. Basi miguu ikabaki na kazi moja tu, kuvaa viatu. Kitambi kikaja, pumzi ikapungua, hata ngazi za kibarazani zikawa safari; akifika juu anashikilia mlango kama mlevi.

Hospitali walimkuta na presha ya juu. Daktari, mwanamke wa makamo, akamwambia, "Mzee wangu, mishipa yako imekakamaa, moyo unasukuma kwa shida. Dawa umeze kila siku, hata ukijisikia mzima. Na utembee."

"Nitembee na moyo huu mbovu?"

"Moyo ni msuli, mzee. Ukiufanyisha kazi kila siku unapata nguvu, na mishipa nayo inalainika. Anza taratibu, kisha uchangamke, uweze kuongea lakini kuimba kukushinde. Kifua kikibana, simama, uje haraka."

Binti yake mkubwa, aliyekuwa akisubiri mlangoni, katika maneno yote hayo aliondoka na moja tu: moyo. Kufika nyumbani akamwekea baba kiti chenye mito, na viatu akavifungia kabatini. Habari zikaenea mtaani kwamba fundi ana moyo. Wateja wakaanza kumnong'oneza vipimo vya suruali zao, kana kwamba ana mtoto mchanga amelala mgongoni.

"Mgonjwa wa moyo anapumzishwa, baba," binti akasema.

"Daktari kasema nitembee."

"Daktari hajui tunavyokupenda."

"Basi nipendeni nikiwa njiani."

Kesho yake akavaa kandambili za bafuni, akatoka. Jirani yake seremala akamwona, akaacha randa.

"Sindano! Umefukuzwa?"

"Nimejifukuza mwenyewe!"

"Na viatu je?"

"Vimelazwa kabatini. Vinaumwa moyo!"

Seremala akacheka mpaka akakaa juu ya mbao. Fundi hakusimama. Alikwenda polepole mpaka darajani, akapumzika, akarudi. Keshokutwa akaenda tena, na siku zilizofuata, jua liwake lisiwake. Mwanawe wa kiume akamfuata kwa gari, likitambaa kando yake.

"Baba, panda. Watu wanatutazama!"

"Macho ni yao."

"Baba, tafadhali!"

"Ukinifuata hivyo watadhani unanizika. Nipite, au urudi ulikotoka!"

Mwana akarudi, uso umemwiva kwa aibu.

Miezi ikapita. Fundi akawa anavuka daraja na kuendelea mpaka ng'ambo, akibishana na seremala, ambaye sasa alikuwa akifuatana naye. Siku ya kupimwa, daktari akaitazama mashine, akapima tena ili awe na hakika. Presha ilikuwa imeshuka. "Dawa usiache," akasema, "na miguu usiache."

Jioni hiyo fundi akawakusanya wanawe sebuleni, akawapa habari. Alitegemea vigelegele. Badala yake binti akaanza kulia.

"Sawa, baba, imeshuka. Lakini acha sasa. Utembee ndani, uani pale, panatosha. Ukianguka kule barabarani, sisi tutaziweka wapi nyuso zetu? Watasema wana gari na baba yao anaburuza kandambili!"

Kaka mtu akaitikia kwa kichwa, macho sakafuni.

Fundi akawatazama mmoja mmoja, kwa upole, lakini hakukaa kwenye kile kiti. Akawauliza:

"Wanangu, siku zote hizo mlizonikataza, mlikuwa mnaogopa nisije nikafa, au mlikuwa mnaogopa nisije nikafia mbele za watu?"