Sol Nzito na Sol Chachu

Naona haya hata kutaja kitabu chenyewe, lakini waliokuwa kanisani kwetu Kashuga siku ile wanaisimulia vibaya kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Wazungu walioondoka waliacha vitabu, na Papa Anselme, katekista wetu, akavipanga mezani, akasema kila mwimbaji wa kwaya achague kimoja. Mimi nilikuwa nimejifundisha kinanda cha harmonium peke yangu, kwa sikio tu (kosa moja la kidole hunikosesha usingizi, ndivyo nilivyo), na nilikuwa ninatunga wimbo wa Noeli. Padri wa misioni angekuja kuusikiliza, na ukimpendeza kwaya ingekuwa yangu kuiongoza. Nilikosa nadharia tu.

Palikuwa na kijitabu chembamba cha solfège, yaani cha kujifunza kusoma noti, chenye picha ya watoto wanaoimba, na kingine kinene ambacho mchwa walikuwa wamekula jalada, yakabaki maneno mawili: SOLS, COMPOSITION. Moyo ulinienda mbio. Composition si kutunga? Na sol si noti, do re mi fa sol? Tena kwa ile S ya mwishoni, humu zilikuwa nyingi. Nilitaka kukifungua, lakini Faida, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa nyuma yangu, nikaogopa nikutane na neno nisilolijua naye aone uso wangu.

"Kaka Bahati, hauangalie kwanza ndani?"

"Ya nini? Beba ile ya batoto."

Akaibeba.

Nyumbani nilisoma kwa Kifaransa changu cha shule ya msingi. Sol lourd, sol nzito. Sol léger, sol nyepesi. Sol acide, sol chachu. (Shuleni udongo tuliuita terre, basi ningejuaje?) Nilipofika penye mbolea niliruka, nikajiambia Wazungu wana mifano yao. Tena nilikuwa nimeshatangaza kwamba ninacho kitabu cha kutunga, na wiki nzima nikawafundisha wanakwaya: wanaume waimbe sol nzito huku wamekunja magoti, wanawake waimbe sol chachu kama waliouma ndimu.

Padri akaja. Tukaimba. Akatazama magoti, akatazama nyuso, akauliza kuna ugonjwa gani.

"Sisi tuko sol lourd, Padiri," akasema papa mmoja, mzee wa sauti nzito. "Bale bamama njo acide."

Padri akaomba kitabu. Nikampa kwa mikono miwili. Akakifungua katikati, kwenye picha ya shimo na jembe, akafunua ukurasa mwingine, kisha mwingine.

"Mutoto wangu, hii sol haiko ya kuimba. Ni udongo. Kitabu hii iko ya kulima."

"Kumbe tuliimba shamba," akasema yule papa, na kanisa likaanguka kwa kicheko.

Hapo ningekaa kimya, lakini hofu ikanisukuma, nikasema nilijua, ulikuwa mfano tu. "Basi," akasema Padri, akachora mistari mitano ya noti ubaoni pamoja na alama ya ufunguo mwanzoni mwake, "weka sol yako hapa." Nikashika chaki. Jasho lilinitiririka mpaka ndani ya viatu. Nikaiweka juu, nikaifuta, nikaiweka chini, nikaifuta, mpaka Faida akaja akaichukua chaki mkononi mwangu na kuiweka noti mahali pake.

Kwaya akapewa yeye. Kesho yake nilimfuata, nikamwomba kijitabu.

"Ile ya batoto?" akauliza.

"Njo hiyo, dada."

Akanipa, ila akasema tutasoma pamoja, ukurasa mmoja mmoja. Tangu hapo sichukui kitabu kabla ya kukifungua mbele za watu, na neno nisilolijua ninaliuliza kwa sauti, hata kama shingo inaniwaka moto. Ukurasa wa kwanza ninaujua kwa moyo. Sol inakaa kwenye mstari wa pili kutoka chini. Si nzito, wala si chachu.