Misa ya Binti wa Duka la Viatu

Kitabu kilichozua ugomvi shuleni kwetu kilikuwa chembamba, na ukikitazama kwa nje ungeapa ni kitabu cha Siasa. Jalada la Siasa tulilibandika wenyewe, kwa uji wa asubuhi, na nakuhakikishia uji wa bweni letu ulishika kuliko gundi yoyote. Ndani yake alikuwamo msichana wa mji mmoja wa bandari huko Ulaya, mwenye umri kama wetu, aliyeandika shajara. Baba yake aliuza viatu. Alianza kwa vidonge alivyopewa na marafiki, akafika kwenye sindano, na yote aliyasimulia mwenyewe bila haya na bila mahubiri. Kililetwa na mwenzetu wa bwenini, binti wa Kihindi ambaye wazazi wake waliuza vitambaa mjini Moshi. Binamu yake aliye ng'ambo ndiye aliyempelekea.

Sista mkuu wa shule alipopata habari alitukusanya uwanjani. Alisema kitabu kile kinafundisha watoto kuvuta na kujidunga, na kwamba kitolewe mara moja kabla hakijatuharibu. Sijui kingetuharibu kwa njia gani. Vidonge tulivyovijua sisi vilikuwa vya malaria, na mwaka ule hata hivyo vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Sista kijana aliyetufundisha Kiingereza alikuwa na mawazo mengine. Tulimsikia kupitia dirisha la chumba cha walimu akisema kitabu kile kinafundisha kuogopa, na kwamba yeye angekisoma darasani. Mkuu akamjibu kwamba angekisomea darasa la mahali pengine. Basi ikawa vita baridi ya masista, na sisi tukaishangilia kimyakimya.

Likizo ilipofika nilipewa mimi kazi ya kukificha kitabu, kwa kuwa kwetu Kibosho palikuwa karibu na hakuna aliyekagua sanduku langu. Nilikitia chini ya sketi nikapanda nacho mlima.

Niseme wazi, nilikipenda. Hadithi tulizokuwa tukipewa wakati ule zilijaa vijana wanaokosea mwanzoni, wanaadhibiwa mwishoni, na katikati wanashauriwa na wajomba. Huyu hakushauriwa na mtu. Siku moja aliandika kwamba ameacha. Kesho yake aliandika kwamba amerudia. Siku iliyofuata hakuandika kitu, nawe ukajua. Hajawahi kutokea mwandishi aliyeniamini kiasi kile.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kukishikilia, nayo ilikuwa kaka yangu.

Kaka alikuwa mtoto wa mwisho wa kiume nyumbani, mimi nikimfuata. Kwetu mtoto huyo ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, anawatunza, na kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, kinakuwa chake. Alipata kazi ya gereji mjini, akajifunza bangi kabla hajajifunza injini, kisha gongo juu ya bangi. Gereji ikamfukuza, akarudi nyumbani. Mwaka ambao ugonjwa wa chulebuni ulikuwa ukiozesha kahawa mtini, alichukua bomba la baba la kupulizia dawa akaliuza. Baba alizunguka shamba zima akiitazama kahawa inavyoharibika, mikono nyuma. Kisha akasema maneno machache tu, kwamba kijana asikanyage kihamba kile mpaka alete sale.

Sale ni mmea tunaoupanda mipakani, una majani marefu ya kijani. Mtu aliyekosa akikuletea jani lake limefungwa fundo, huna ruhusa ya kumkatalia msamaha, hata kama amekuchomea nyumba. Kwa hiyo baba hakuwa amefunga mlango. Kwa akili yake alikuwa ameuacha wazi kabisa, akabaki kumsubiri mtu apite.

Kaka hakupita. Alikuwa Kiboriloni, akibeba magunia sokoni na kulala kwenye vibanda. Mama aliposhuka kuuza ndizi alimwona amebaki mifupa, lakini akimwita anajificha nyuma ya marobota ya mitumba. Mama alirudi nyumbani, anakoroga mtori wa ndizi mpaka unakuwa gundi. Sote tuliogopa kitu kimoja, kwamba siku moja tutaitwa kwenda kumchukua akiwa amefunikwa shuka.

Ndiyo maana nilimsomea mama kile kitabu. Tulikuwa tumekaa kwenye kichanja cha kahawa, tukichambua punje mbovu, na mikono ikifanya kazi mdomo unakuwa huru. Nilisoma Kiingereza kwa macho na kusema Kiswahili kwa mdomo, na mahali pagumu niliangukia Kichagga. Mama hakuwa msikilizaji wa adabu. Aligombana na kila mtu.

"Mama yake yuko wapi siku hiyo?"

"Hasemi, mama."

"Hasemi, au hukusoma vizuri? Rudia hapo."

Nikarudia. Mama yake hakuwemo. Mama yangu akatupa punje nzima pamoja na mbovu, akasema kwamba mwanamke yule akikutana naye njiani hatamwamkia.

Baba alikuwa karibu, akipunguza migomba. Alijifanya hasikii. Lakini mgomba mmoja aliukata majani makavu tangu msichana yule alipomeza kidonge cha kwanza mpaka alipofukuzwa shule, na mgomba hauna majani mengi hivyo. Mama aliliona hilo akanikonyeza niongeze sauti.

Tukafika ukurasa ambao mpaka leo naweza kuueleza nikiwa nimefumba macho. Msichana ametoroka nyumbani, amekonda, mvua inanyesha. Anasimama ng'ambo ya barabara kulitazama duka la viatu. Baba yake yumo ndani, amepiga goti, anampima mteja mguu. Msichana anataka kuvuka. Anajiuliza akishaingia atasema nini. Halipati neno, anageuka na kwenda zake. Ndiyo basi, ukurasa umekwisha.

"Si angesema shikamoo tu!" mama akalia, na alikuwa analia kweli. "Shikamoo baba. Inatosha!"

"Haitoshi," baba akasema kutoka mgombani.

Tuligeuka wote wawili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiri kwamba ana masikio.

"Haitoshi," akarudia. "Mtu aliyekosa haingii kwa baba yake mikono mitupu. Huyo mtoto hana cha kushika. Huko kwao hawajui hata sale." Akaliangalia panga lake. "Na huko mjini atalipata wapi?"

Mjini sijui alikusudia mji gani.

Kitabu kilimalizika vibaya, au tuseme hakikumalizika. Shajara ilikatika katikati ya wiki na kurasa zilizobaki zilikuwa nyeupe. Mama akataka kujua kama binti amekufa. Nikamwambia kitabu hakisemi. Hakuridhika. Jumapili alibeba mkungu wa ndizi mpaka parokiani, akaomba nia ya misa, na padri wetu, aliyezoea nia za marehemu na mvua, akasoma mbele ya kanisa lote kwamba misa ile inatolewa kwa ajili ya binti wa muuza viatu, popote alipo. Watu wakageuzana shingo. Ukoo mzima wa fundi viatu wa pale njia panda uliingiwa na wasiwasi, na kabla jua halijakuwa kali mkewe alikuwa uani kwetu akiuliza binti yake amefanya nini. Mama alimkarimu kwa kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, na kumwapia kwamba ni muuza viatu mwingine kabisa, wa Ulaya. Yule mama aliondoka haamini.

Siku iliyofuata baba alikwenda mpakani akakata jani la sale, zuri, lisilo na doa. Akalifunga fundo, akalitia mfuko wa koti, akashuka Kiboriloni.

Habari hizo zilipomfikia baba mkubwa, alikuja na fimbo mkononi. Mzazi kumpelekea mtoto sale! Tangu lini mwizi anaombwa msamaha na mwenye bomba? Ameuza heshima ya ukoo! Baba alimsikiliza mpaka akamaliza, kama inavyompasa mdogo mtu, kisha akamjibu kwa upole ambao sijausahau.

"Kaka, mimi sikumwomba msamaha. Nilimpelekea jani ili awe nalo la kuniletea."

Baba mkubwa aligeuka na fimbo yake akaenda zake. Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, na vingine vimeandikwa na watu wenye vyeo, lakini sijakutana na sentensi inayoipita hiyo. Mzee huyu hakuivunja desturi hata kwa unywele. Aliishika yote, akaona tu kwamba inamtaka mkosaji awe na nguvu ya kulifikia jani, na mwanawe nguvu hizo hakuwa nazo.

Kaka alikuja Jumamosi. Alisimama penye njia ya kuingilia, kati ya masale yetu yenyewe, ambayo angeweza kuchuma gunia zima, lakini mkononi alikuwa na lile moja, limesinyaa kwa jasho. Alilitoa kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Baba akalipokea, akaligeuza huku na huku kama kitu ambacho hajapata kukiona. "Jani zuri," akasema. "Ingia ule." Mama alikimbilia jikoni, nikasikia kifuniko cha sufuria kikianguka.

Shule ilipofunguliwa nilirudi kitabu kikiwa sandukuni na kifua mbele. Ushindi wangu haukukaa sana. Yule sista wa Kiingereza, ambaye aliusema ukweli hata ulipomwuma, alituita akatuambia amesoma katika gazeti moja la nje kwamba shajara ile si shajara. Hapakuwa na binti. Mtu mzima fulani aliketi mezani akaitunga yote. Sista mkuu alifurahi waziwazi: si aliwaambia kitabu hakifai, kumbe uongo mtupu! Mwenzangu wa Kihindi alilichana jalada la Siasa kwa hasira. Mimi niliumia kama mtu aliyeibiwa. Nikamwazia mama na mkungu wake wa ndizi, na jina la Mungu kutajwa altareni kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, na nikaapa kwamba sitamwambia.

Likizo iliyofuata nilimwambia. Uso wangu haujui kutunza kitu, na mama alianza kuniuliza habari za binti yule kabla sijatua sanduku.

Kaka alikuwa uani akitengeneza bomba la kuazima. Sitadanganya kwamba alikuwa amepona. Aliteleza tena baada ya hapo, na zaidi ya mara moja, na kila mara baba alishuka na jani. Lakini siku ile alikuwepo, mikono yake inafanya kazi, na baba ameketi karibu yake akimshikia spana.

Nilisema yote. Kwamba hakuna binti, hakuna duka, hakuna mvua. Mama akaiweka ndizi aliyokuwa akimenya. Alinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyemuua.

"Yote alitunga?" baba akauliza.

"Yote, baba."

"Huyo aliyetunga ni mtoto au mtu mzima?"

"Mtu mzima. Ndivyo alivyosema sista."

Baba alifikiri, spana mkononi. Kisha akamtazama mwanawe aliyeinamia bomba.

"Basi naye ana mtoto wa kwake," akasema. "Hayajui hayo yote bure."

Kaka hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilisimama kwa muda kabla ya kuendelea. Jumapili mama alibeba mkungu mwingine wa ndizi mpaka parokiani, mkubwa kuliko ule wa kwanza, na padri akasoma kwamba misa inatolewa kwa ajili ya mzazi mmoja wa mbali, ili mtoto wake arudi nyumbani.