Nilificha jengo la kufulia la hospitali chini ya bustani, nikasahau kuna watu ndani

Wakuu, nawasalimu popote mlipo kwenye mihangaiko.

Haya yamenikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha tu, maana bado nakula kwenye hii kazi.

Mimi ni msanifu majengo, naishi Tangini, Kibaha. Mwaka juzi ofisi yetu ilipata kazi ya hospitali moja upande wa Kisarawe. Si wodi. Ni yale majengo ya nyuma: jenereta, boila ya kuchemshia maji na sehemu ya kufulia mashuka.

Sharti la mteja lilikuwa moja. Eneo libaki bustani ya wananchi, majengo yasionekane.

Nikachora. Jengo la kufulia nikalizika kwenye tuta la udongo, juu nyasi, njia ya miguu inapita juu ya paa. Bosi aliita ofisi nzima waje kuangalia. Kichwa kikavimba, sikatai.

Baadaye nikaenda Kisarawe kupima mashine za zamani. Msimamizi wa pale ni mama mmoja, nimwite Mama Zuhura. Nikampa shikamoo, nikafungua laptop juu ya meza ya kupigia pasi.

Akaangalia sana.

"Pazuri. Sisi tuko wapi?"

Nikamwonyesha nyasi. "Hapa chini, mama. Kuna feni za kutoa joto."

"Umeme ukikatika?"

"Si kuna jenereta?"

"Hiyo ni ya theatre, kule kwenye upasuaji, mwanangu. Sisi ndiyo tunazimiwa wa kwanza."

Akaniambia nisiondoke, nikae na wafanyakazi wake mpaka saa sita mchana.

Wakuu, lile joto! Nilikunja mashuka shati limenigandia mgongoni. Kulikuwa na dirisha moja dogo, na wale kina mama walikuwa wanapokezana kusimama pale. Hakuna aliyeitwa. Mmoja akitoka, mwingine anaingia.

Na mimi nilikuwa nimewachorea jengo lisilo na hata hilo dirisha.

Nilirudi Kibaha sina raha. Nafungua mchoro, naufunga, naufungua tena. Kikao cha kupitisha ramani kilikuwa keshokutwa.

Nikamwambia bosi. Akanijibu, "Mteja ameshaipenda. Usituharibie."

Siku ya kikao bosi ndiye alikuwa anawasilisha. Alipofika kwenye lile tuta, mdomo ukanitoka wenyewe. "Samahani. Hapo kuna kosa, na kosa ni langu."

Bosi aliniangalia, nikaona kazi inaondoka.

Nikaomba tukate tuta upande wa bustani, tuweke ukuta wa matofali yenye matundu na baraza pana. Ofisa mmoja wa mteja akauliza, "Si tulisema majengo yasionekane?" Nikamwambia tufiche kelele na moshi, ila wafanyakazi wanahitaji hewa.

Tulibishana mpaka saa ya chakula. Wakakubali. Kesho yake bosi akanitoa kwenye mradi, akampa mwenzangu.

Juzi nimekwenda kuliona. Limekamilika. Watu wamekaa kwenye nyasi, na barazani wale kina mama wanakunywa chai, upepo unapita. Mama Zuhura akaniona.

"Umekuja kukagua?"

"Hapana mama, kupumzika tu."

"Hebu ingia kwanza. Mashine ya kukaushia ikifa, ulitaka tuanike wapi?"

Sikuwahi kulifikiria. Nikatoa tepu mfukoni, nikaanza kupima nyuma ya baraza, siku yangu ya mapumziko, kwenye mradi ambao si wangu tena.

Nilichojifunza: kabla hujachora jengo la mtu, nenda ukafanye kazi yake hata asubuhi moja. Kumuuliza tu hakutoshi.

Mafundi, manesi, na nyie mnaofanya kazi kwenye vyumba vya nyuma huko, semeni hapa. Ni kitu gani mchoraji alikisahau kwenu? Kalamu ninayo mkononi.